Bakteria Walinzi wa Mimea na Lugha ya Duka la Pembejeo

Maembe yafikapo katika soko la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, mara nyingi huwa yamekaza ngozi, hayana doa, na harufu yake ni ya tunda lililochumwa vizuri. Baada ya siku chache, yanapoanza kuiva, hutokea madoa meusi. Madoa hayo hupanuka, hukutana, na tunda huoza kutoka gandani kwenda ndani. Mchuuzi hulaumu joto la mji, au safari ndefu, au wapakiaji waliolijaza tenga kupita kiasi. Sababu hizo zote zaweza kuuzidisha uharibifu, lakini hazikuuanzisha. Doa lile huitwa chule, na kuvu iletayo chule, ambayo wataalamu huiita Colletotrichum, iliingia katika ngozi ya embe tangu lilipokuwa changa, lingali mtini huko Tabora, Tanga au Mkuranga. Iliota kidogo tu, kisha ikatulia. Embe bichi lina ulinzi wake wa asili, na kuvu hungoja; embe likiiva ulinzi ule hupungua, na kuvu huamka. Kwa hiyo uozo uonekanao Kariakoo ni habari ya zamani ya shambani, iliyochelewa kusomwa.

Jambo hilo ni msingi wa yote yatakayoelezwa hapa. Chochote kitakachotumiwa kulizuia chule sharti kiwe kimekwisha kufika mlangoni kabla ya kuvu kubisha hodi. Miongoni mwa vitu viwezavyo kufanya kazi hiyo ni bakteria wa aina fulani, ambao kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakikuzwa viwandani, wakatiwa katika chupa na paketi, na kuuzwa kwa wakulima wa nchi nyingi. Namna bakteria hao wafanyavyo kazi yafahamika kwa kiasi kikubwa. Ila Kiswahili kitumikacho katika kuwauza na kuwanunua, kwa bahati mbaya, humwelekeza mkulima kuwatumia kinyume cha tabia yao.

Soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikuwa ya paa moja. Katika maduka ya pembejeo ya mjini, mwenye bustani ya mchicha pembezoni mwa jiji na mwenye shamba la nyanya la mikoani hununua mbegu, mbolea na dawa mahali pamoja. Mteja aliyeona majani yana madoa haombi kitu kwa jina la kiwandani, wala haombi kwa jina la ugonjwa. Huomba "dawa ya ukungu". Maneno mawili hayo yastahili kuchunguzwa moja baada ya jingine.

Ukungu kwanza. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zilizozoeleka: ni ule mvuke mweupe utandao asubuhi, hasa milimani, na ni ule utando uotao juu ya mkate uliolala au ngozi iliyowekwa mahali penye unyevu. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Penye unyevu mwingi hewani ndipo utando huota, na aliyelitumia neno moja kwa vyote viwili alikuwa mwangalifu kuliko anavyodhaniwa. Lakini shambani neno hilo huleta tatizo. Mkulima wa Lushoto asemapo kwamba nyanya zake zimechomwa na ukungu, msikilizaji hawezi kujua kama asemacho ni hewa au ni kiumbe. Ikiwa ni hewa, hakuna awezacho kufanya ila kungoja jua. Ikiwa ni kiumbe, kina maisha yake, chakula chake, njia yake ya kuenea, na adui zake. Kwa sababu hiyo neno kuvu lafaa zaidi katika maandishi ya kilimo, nalo limekwisha kukaa katika vitabu. Fangasi nalo laeleweka na kila mtu mjini, ijapokuwa wengi hulihusisha na maradhi ya ngozi na ya kucha kuliko ya majani.

Wataalamu wa kilimo wa Tanzania, kwa upande wao, wamejenga orodha nzuri ya majina ya magonjwa haya, ambayo watu wa lugha hawajaisifu inavyostahili. Kinyausi ni ule ugonjwa unaoiangusha miche kitaluni, shina likinywea pale ligusapo udongo. Ubwiri unga ni ule unga mweupe uliowasumbua sana wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi. Chulebuni ni chule ya matunda ya kahawa. Kutu ni kutu, kama ya chuma, ila ni ya majani. Bakajani huwa tangulizi au chelewa, na hapa tafsiri imefuata lugha za kigeni hatua kwa hatua, lakini haikudhuru. Ni vyema tu kuongeza kwamba kiletacho bakajani chelewa, kiitwacho Phytophthora, si kuvu halisi kwa mujibu wa wanabiolojia wa leo. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani. Dawa nyingine ziuazo kuvu hazikigusi, na aliyeambiwa kwamba "yote ni ukungu" hatajua kwa nini fedha zake zimepotea.

Sasa kuhusu bakteria. Neno lenyewe latoka katika Kigiriki, na maana yake ni kijiti au kifimbo, kwa kuwa wa kwanza kuonekana chini ya hadubini walikuwa na umbo hilo. Bacillus, jina la jenasi itakayotajwa sana hapa, ni neno la Kilatini lenye maana iyo hiyo. Kiswahili kimelipokea neno bakteria bila taabu, kama vile mji ulivyoipokea Kariakoo kutoka katika jina la jeshi la wapagazi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, hata leo hakuna anayeuhisi ugeni wake. Tena kimelitia katika ngeli ya viumbe: watu husema bakteria huyu, bakteria hawa. Kuvu haikupata heshima hiyo. Husemwa kuvu hii, kuvu hizi, kana kwamba ni kitu. Hata hivyo kuvu nazo hula, huzaa na hufa, na hamira ya mkate ni mmojawapo wa ukoo huo.

Lakini kando ya bakteria kuna neno jingine, kijasumu, lililotungwa kwa ajili ya elimu ya afya, ambalo kutokana nalo yamepatikana maneno viuavijasumu, yaani zile dawa za hospitali kama penisilini. Kijasumu limebeba sumu ndani yake. Neno hilo lafaa kwa kiumbe aletaye maradhi, lakini likitumiwa kwa bakteria wote, humfanya msomaji aamini kwamba hakuna bakteria asiye na madhara, ilhali mtindi ulio katika kibuyu ni kazi ya bakteria. Mfano wa mtindi wafaa kuangaliwa kwa makini. Maziwa yakiachwa, hushindaniwa na vijidudu vingi. Wale wa mtindi wakitangulia, hula sukari iliyomo, hutoa asidi, na mahali pale hapawafai tena wengine. Maziwa hayaozi kwa sababu yamekwisha kuwa na wenyewe.

Bacillus subtilis ni bakteria wa udongoni. Mjerumani Ehrenberg alimweleza mwaka 1835 kwa jina jingine, na Ferdinand Cohn akampa jina la sasa mwaka 1872. Urefu wake ni maikromita 2 hadi 4. Wakipangwa 300 kwa mstari mmoja hufikia kama milimita moja tu. Huishi karibu na mizizi, akila sukari na vitu vingine ambavyo mizizi huvitoa. Si mgeni wala mbaya kwa binadamu: Wajapani hutengeneza chakula chao cha soya kiitwacho natto kwa jamii ya bakteria huyu huyu. Baadhi ya mbegu zake zinazouzwa sana duniani, kama ile iitwayo QST 713 iliyopatikana katika udongo wa California na kuuzwa kwa jina la Serenade, sasa zimehamishiwa katika spishi ya jirani, Bacillus velezensis. Wanaolalamika kwamba wanaisimu hubadili istilahi kila mwaka wangefarijika wakiwaona wanabiolojia.

Njia za kazi yake ni nyingi, na uzito wake hautofautiani tu kwa aina ya bakteria, bali pia kwa mmea na kwa hewa. Njia ya kwanza ni ya mtindi: kutangulia. Uso wa mzizi au wa jani una sehemu chache zitoazo chakula, na bakteria akizijaza, spora ya kuvu itakayoanguka hapo baadaye haina pa kuanzia. Ya pili ni kunyang'anya madini. Bakteria wa jenasi ya Pseudomonas, ambao nao hutumiwa kazi hii, hutoa vitu vinavyoushika ushupavu madini ya chuma yaliyo machache udongoni, na kuvu hukosa.

Njia ya tatu ni silaha hasa. Bacillus hutengeneza vitu viitwavyo iturini na fenjisini, ambavyo huutoboa utando wa seli ya kuvu, na yaliyomo ndani yakamwagika. Bakteria wengine hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kitini, yaani kile kitu kigumu kilicho katika ukuta wa seli za kuvu, ambacho ndicho pia hufanya ganda la kamba na la kaa wauzwao soko la samaki la Feri. Silaha za namna hiyo si ngeni hata nyumbani kwa mtu asiyelima. Mwaka 1950 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza dawa waliyoipata kwa bakteria wa jenasi ya Streptomyces aliyetoka katika udongo wa shamba. Dawa hiyo ni nistatini. Mama aliyepewa matone ya nistatini kwa ajili ya utando mweupe katika kinywa cha mtoto amekwisha kutumia zao la bakteria dhidi ya kuvu, ingawa hakuelezwa hivyo.

Njia ya nne ndiyo ya ajabu kuliko zote, na haimgusi kuvu hata kidogo. Bakteria akikaa mizizini, mmea humtambua, na utambuzi huo huuweka mmea wote katika hali ya tahadhari, hata majani yaliyo mbali na mzizi. Kuvu ijapo kushambulia jani, mmea hujibu upesi na kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ungejibu bila bakteria. Ni kama chanjo, ijapokuwa mfano huo haupasi kusukumwa mbali mno, kwa kuwa mmea hauna damu wala kumbukumbu ya namna ya mwili wa mtu.

Jambo jingine hueleza kwa nini ni Bacillus, wala si mwingine, ambaye ndiye wa kawaida zaidi madukani. Chakula kikiisha au mahali pakikauka, hujikunja ndani ya ganda na kuwa spora. Katika hali hiyo hali wala hakui, lakini hafi. Huweza kustahimili ukavu, na hata maji yachemkayo kwa muda. Pseudomonas hana uwezo huo. Akikaushwa na kuwekwa katika rafu ya duka lenye joto la Dar es Salaam, hesabu ya walio hai hushuka siku hata siku, na paketi ikabaki na unga tu. Lebo nzuri husema idadi ya walio hai katika gramu moja, nayo huhesabiwa kwa mamilioni au mabilioni. Husema tarehe ya mwisho. Na husema paketi iwekwe mahali pa baridi pasipo jua. Maneno hayo, kwa bidhaa hii, ndiyo bidhaa yenyewe.

Hapa ndipo lazima kulirudia lile neno la pili la mteja, yaani dawa. Katika Kiswahili dawa ni neno pana mno. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya kikohozi, dawa ya mbu na dawa ya panya. Kiunganishi kimoja, "ya", hutumika kote, wala hakisemi kama kinachotajwa baada yake kitatibiwa au kitauawa. Dawa ya mtoto humponya mtoto. Dawa ya panya haimponyi panya. Msemaji hapotei kwa kuwa anayajua mambo yenyewe. Lakini mbele ya kitu kipya, kisichojulikana bado, upana huo hauna msaada: mteja hutia ndani ya neno mazoea aliyoyapata kwa dawa nyingine.

Mazoea hayo ni manne au matano, na yote hayamfai bakteria. Dawa huletwa baada ya ugonjwa kuonekana. Bakteria hufaa kabla. Dawa ikiwa kali hunuka, na harufu huwa ushahidi wa nguvu. Bakteria hana harufu ya kutisha, na mnunuzi hudhani ameuziwa maji. Dawa ikizidishwa hudhaniwa kuponya upesi. Bakteria wakizidishwa hawapati chakula zaidi ya kilichopo. Dawa mbili zikichanganywa katika bomba moja la mgongoni huokoa kazi. Lakini mrututu na dawa nyingine za shaba ni sumu kwa bakteria kama zilivyo kwa kuvu, na ingawa spora iliyolala huvumilia, bakteria aliyekwisha kuamka hana ngao ile. Hata maji ya bomba yenye klorini nyingi si mazuri kwa wale wasio na spora. Mwisho, dawa hutazamiwa kufanya kazi yenyewe. Bakteria anahitaji mahali, unyevu na chakula, na jua kali la mchana humdhuru, kwa hiyo hupuliziwa jioni.

Lugha ya serikali nayo haikulipunguza tatizo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, ambako kazi kama hizo zilikuwa zikifanywa na taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa kifupisho TPRI. Kiuatilifu ni neno lililoundwa kwa ustadi: limo tendo la kuua, na limo tilifu, neno lenye asili ya Kiarabu lihusulo uharibifu. Kwa hiyo ni kile kiuacho viharibifu. Kutoka hapo zimepatikana nahau za kisheria zenye mpango mzuri, na hakuna haja ya kulibomoa jengo hilo. Ila kisheria bakteria walinzi nao huhesabiwa miongoni mwa viuatilifu, na huitwa viuatilifu vya kibaiolojia au viuatilifu hai. Neno hili la mwisho, mtu akilisikiliza vizuri, ni la ajabu: kiuacho kilicho hai. Jina lile linaitaja njia moja tu kati ya nne zilizoelezwa juu, ile ya silaha, na kuziacha nyingine.

Wauzaji wengine hukwepa neno dawa kwa kuiita bidhaa hii busta, wakiiweka pamoja na mbolea za majani. Hilo ni baya zaidi. Mbolea haina haja ya kuwa hai, na akiitwa busta mkulima atamtumia mmea unapodhoofu, yaani wakati ule ule ambao umechelewa. Afrika Mashariki imekwisha kuwa na bakteria waliopokewa vizuri na wakulima, nao ni wale wa mizizi ya mikunde: Biofix, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1981, na Nitrosua ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hao waliweza kuitwa mbolea kwa haki, maana kazi yao ni kuipatia mikunde naitrojeni. Mlinzi si mbolea.

Neno linaloonekana kufaa ni kinga. Kila mzazi aliyempeleka mtoto kliniki ajua kwamba kinga hutangulia ugonjwa, hurudiwa kwa tarehe zake, huhifadhiwa katika baridi, na kwamba aliyekwisha kuugua hasaidiwi nayo. Mazoea yote hayo ndiyo yanayotakiwa. "Kinga hai ya kuvu" ingeweza kuandikwa juu ya chupa kwa herufi kubwa, na kiuatilifu kikabaki chini yake kwa herufi za sheria. Mbele ya "kinga ya kuvu" huenda mtu akauliza kama kiunganishi "ya" hakirudishi utata ule ule; jibu ni kwamba Waswahili wamekwisha kusema kinga ya surua, wala hakuna aliyedhani kwamba surua ndiyo inayokingwa.

Uwezo wa kutunga maneno mema upo. Ushahidi ni sumukuvu, jina la ile sumu iachwayo na kuvu katika mahindi na karanga. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Neno fupi, lenye sehemu mbili zijulikanazo na kila mtu, liliingia katika matangazo ya afya na likaeleweka pasipo kamusi. Tena dawa iliyosajiliwa nchini baadaye kwa ajili hiyo, Aflasafe, hufuata kanuni ile ile ya mtindi, ila walinzi wake ni kuvu: mbegu za Aspergillus zisizo na sumu hutawanywa shambani kabla ya mavuno, zikatangulia kukaa mahali pa zile zenye sumu.

Isidhaniwe kwamba bakteria hawa huweza yote. Mvua ikinyesha mfululizo na bakajani chelewa ikaingia katika nyanya za Ilula, bakteria peke yao hawataliokoa shamba. Matokeo yake hutofautiana mahali hata mahali, kwa kuwa kiumbe hai hutegemea udongo na hewa aliyoikuta. Mahali ambapo hufanya vizuri kwa uthabiti zaidi ni kitaluni, dhidi ya kinyausi: udongo ni mchache, mbegu hupakwa bakteria kabla ya kusiwa, na mzizi wa kwanza hutoka ukiwa umekwisha kuvikwa. Hufaa pia kwa mchicha, kwa sababu nyingine. Mchicha huchumwa wiki chache tu baada ya kusiwa, na dawa za kemikali zina siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna, ambazo mwenye tuta dogo anayedaiwa kodi ya chumba hushawishika kuzisahau. Bidhaa nyingi za bakteria hazina siku hizo, au huwa nazo chache. Mankozebu, dawa ya kuvu iliyojulikana sana katika bustani za Afrika Mashariki, ilikataliwa kuendelea kusajiliwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kwa ajili ya mashaka juu ya afya ya watu. Mlaji wa Kariakoo ana mwili kama wa mlaji wa Ulaya.

Neno moja limebaki, nalo huenda ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote: mnyauko. Mnyanya ukinyauka ilhali udongo una maji, husemwa una mnyauko. Lakini minyauko ni zaidi ya mmoja. Mnyauko fuzari huletwa na kuvu. Mnyauko bakteria huletwa na Ralstonia, bakteria adui. Mwenye mnyauko bakteria akiuziwa dawa ya kuvu hupoteza mazao na fedha kwa pamoja. Njia ya kutofautisha haihitaji maabara. Shina hukatwa karibu na udongo, kipande kikatumbukizwa ncha katika glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, ikiwa ni bakteria, uzi mweupe kama maziwa hushuka kutoka katika shina. Ikiwa ni fuzari, maji hubaki meupe na ndani ya shina huonekana mistari ya kahawia.

Kwa migomba hali ni hiyo hiyo, ila yenye uzito zaidi. Mnyauko bakteria wa migomba, ambao wakulima huuita unyanjano, uliingia Tanzania kwa upande wa Kagera mwaka 2006 kutoka Uganda, ambako ulionekana mwaka 2001. Mgomba wenye ugonjwa huo ukikatwa hutoa utomvu mzito wa manjano, na ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Mnyauko wa Panama ni wa kuvu ya Fusarium. Haina utomvu ule, bali majani ya chini hugeuka manjano na kuning'inia, na shina likikatwa lina mistari ya kahawia nyekundu. Aina yake iogopwayo kuliko zote, iitwayo TR4, ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, na baadaye ikapatikana katika visiwa vya Mayotte na Ngazija. Hakuna dawa ya kemikali iiondoayo udongoni, na spora zake hukaa humo kwa miongo. Bakteria wa jenasi za Bacillus, Pseudomonas na Streptomyces wanajaribiwa dhidi yake katika nchi kadhaa. Katika vyungu wamefanya vizuri, na mashambani wamefanya vizuri hapa na vibaya pale. Kwa kuwa kuvu hii huvuka mipaka katika machipukizi ya migomba na katika tope lililoganda viatuni, mkulima wa Mtwara au wa Rungwe aonapo mgomba unanyauka hana budi kuwa na majina mawili tofauti ya kumwambia bwana shamba. Akiwa na jina moja, "mnyauko", yule bwana shamba atalazimika kusafiri ili aone mwenyewe, na safari hiyo huweza kuchukua siku nyingi.